Shingo Nyeusi Si Uchafu: Form ya Ngozi Ukiwa na PCOS

Mrembo wa Kitale ama Bungoma, umesugua shingo na jiwe mpaka ikawasha na bado ni nyeusi? Tulia, huo si uchafu. Weusi mnene shingoni na kwapani mara nyingi unatokana na insulini kuzidi mwilini. Kama pia hedhi inaruka, chunusi zimejaa kidevuni na ndevu zinaota, huenda ni PCOS.

Inakuwaje?
Mwili hausikii insulini poa, so kongosho inatoa nyingi. Hiyo insulini inasukuma ovari zitengeneze androjeni zaidi, homoni ambazo wanaume wako nazo kwa wingi. Ngozi inatoa mafuta, vitundu vinaziba, nywele zinaota.

Chunusi: Osha uso mara 2 kwa siku na sabuni isiyo kali. Jeli ya benzoili peroksaidi ya 2.5% ama 5% inasaidia, lakini ipatie wiki 8 hadi 12. Usizifinye, zitaacha madoa.

Shingo: Wacha kusugua. Punguza soda, sukari ya chai na ule mlima wa ugali. Ongeza kunde, mrenda na maharagwe. Kama uzito umezidi, hata kupunguza 5% inaweza kurudisha hedhi.

Ndevu: Nyoa bila presha, hazitaota nene zaidi. Dawa za homoni huchukua kama miezi 6 kuonyesha kitu, na zingine ni hatari kwa mimba, so usimeze zile za beshte yako.

Krimu za kuchubua: Achana nazo kabisa. Kenya imepiga marufuku zenye zebaki na hidrokwinoni, na zile zimewekwa steroidi kisiri huleta chunusi zaidi na kufanya ngozi iwe nyembamba.

Uende wapi?
Bungoma, anzia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Kitale, kuna Wamalwa Kijana. Kesi ngumu hutumwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Omba wapime sukari, homoni na tezi ya shingo, kisha ultrasaundi ikihitajika. Andika tarehe zako za hedhi kabla uende.

Na kama hujaona hedhi miezi 3 na huna mimba, usingoje chunusi ziishe ndio uende. Ukuta wa uterasi ukizidi kunenepa bila kutoka, unaweza kuleta kansa baadaye. Hiyo ni noma kuliko doa lolote la uso.