Kilwa: Pale Kanisa Lilipogeuka Gereza



Juma hili tunawaletea tafakari iliyotokana na safari. Tulitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini, tukavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ambalo tangu mwaka 2003 limewaondolea wasafiri adha ya kungoja kivuko, tukafika Kilwa Masoko jioni. Asubuhi yake tulipanda mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Kabla mashua haijafika ufukweni, macho ya mgeni hukutana na ngome kubwa iitwayo Gereza.

Jengo tulionalo leo ni kazi ya Waarabu wa Omani kwa sehemu kubwa, nalo limesimama juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Lililotushughulisha zaidi ni jina lake. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno gereza lilitokana na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Sisi Wakatoliki hatuna budi kutua kidogo mbele ya neno hilo. Imekuwaje neno lililotaja nyumba ya Mungu likaja kumaanisha, vinywani mwa watu wa pwani, mahali pa kufungia watu?

Historia inatupa jibu chungu. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kilwa. Masimulizi ya safari hiyo yanaeleza kwamba mapadre, Wafransisko wakiwamo, walishuka pwani na misalaba miwili, wakaenda kwa maandamano huku wakiimba Te Deum, utenzi wa kumshukuru Mungu. Walipofika kwenye jumba la sultani waliuweka msalaba chini, na jemadari akasali. Sala ilipokwisha, uporaji wa mji ukaanza. Ngome waliyoijenga ilipewa jina la Mtakatifu Yakobo Mtume, Santiago, ambaye sikukuu yake ni tarehe 25 Julai. Mwaka 1512 Wareno waliondoka.

Hatusemi haya tukidai kwamba Kilwa ya kabla yao haikuwa na dhambi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, alimsifu Sultani al-Hasan ibn Sulaiman kwa ukarimu na unyenyekevu. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa fukara mmoja alimwomba sultani nguo alizovaa, naye akamvulia. Mwana wa sultani akazikomboa nguo hizo kwa watumwa 10, na sultani akaongeza watumwa wengine 10 pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu ulioje, na upofu ulioje! Katika sifa zote hizo, watu 20 waliotolewa kama zawadi hawatajwi hata majina. Dhambi ya kumgeuza binadamu kuwa bidhaa haina dini moja wala taifa moja.

Miaka 400 baada ya Almeida, mwezi ule ule wa Julai, mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi, kaskazini-magharibi mwa Kilwa. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kulazimishwa kulima pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku kumi baadaye Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini aliyekuwa akisafiri kutoka Kilwa kuelekea bara, aliuawa upande wa Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tunawaombea na kuwaheshimu watumishi hao, kwani hawakuja kuchapa watu viboko. Hata hivyo tujiulize: katika macho ya mkulima wa Umatumbi aliyerudi shambani na mgongo uliochubuka, msalaba ulitofautianaje na bendera, ikiwa vyote viwili vilishuka katika bandari ile ile?

Na sisi wa leo je? Kusini ina neema ambayo wazee wetu hawakuijua. Tangu mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, imekuwa ikisafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 mpango wa kuipeleka gesi ya Mtwara huko huko uliwasha ghasia, na watu wakapoteza maisha. Hatuandiki kwa ajili ya chama chochote. Tunasema tu kwamba mwananchi ana haki ya kujua kilichoandikwa katika mikataba ya mali iliyo chini ya miguu yake, na kuuliza bila kuitwa mchochezi.

Viongozi wa dini hualikwa kufungua mikutano ya siasa na kuzindua miradi kwa sala. Nasi tumewahi kualikwa. Tulisali, tukaketishwa mbele, tukanywa soda baridi, tukaondoka. Hatukurudi kuuliza kama waliohamishwa walilipwa fidia. Tukiwa mbele ya ngome ya Kilwa tuliikumbuka siku hiyo kwa aibu. Mapadre wa mwaka 1505 huenda waliimba kwa moyo safi, lakini wimbo wao ulikwisha na msalaba wao ulikuwa umetangulia wizi.

Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani kwa makosa ya wana wa Kanisa. Toba hiyo ni yetu pia, nayo haikamiliki kwa maneno. Kuombea taifa ni wajibu wetu. Baada ya “Amina”, tubaki pale pale, tutazame nani anapata na nani ananyang'anywa, na tuseme tulichokiona. Nabii Isaya aliwaonya waliomwinulia Mungu mikono yenye damu. Wala hakuwazuia kusali, bali aliwataka kwanza wanawe na kuwatetea yatima na wajane.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu aibariki Kilwa, awabariki ndugu zetu Waislamu waliotupokea kisiwani kwa ukarimu, na aibariki Tanzania.