Mfanyakazi wa Vinu vya Baruti vya Brandywine, Delaware, Katika Karne ya 19

Vinu vya baruti vya familia ya du Pont vilianzishwa mwaka 1802 kando ya Mto Brandywine, jimbo la Delaware, Marekani. Wafanyakazi wengi, wahamiaji kutoka Ireland, walichanganya shura, makaa na salfa, kazi ambayo cheche moja ilitosha kuua. Kila kinu kilikuwa na kuta tatu nene za mawe. Upande wa nne, ulioelekea mtoni, ulijengwa mwepesi ili mlipuko utokee huko. Usanifu huo ulikinga majengo ya jirani, wala haukumkinga aliyekuwa ndani. Mlipuko wa mwaka 1818 uliua zaidi ya watu 30, na wajane wakapewa pensheni. Kwa hiyo, makala hii inashikilia kwamba kifo cha mfanyakazi kilikwisha kukadiriwa katika ujenzi wa kinu kabla yeye hajaajiriwa.