Won ya Korea: Sarafu, noti na akiba za watu

Korea Kusini na Korea Kaskazini zote zinatumia fedha iitwayo won, lakini noti ya upande mmoja haitumiki upande wa pili. Katika makala haya tunaeleza fedha hizo zilikotoka, na kwa nini mageuzi yake yamewaumiza mara kwa mara walioweka akiba.

Sarafu zenye tundu

Kuanzia mwaka 1678, ufalme wa Joseon ulisambaza sarafu za shaba zilizoitwa sangpyeong tongbo. Zilikuwa na tundu la mraba katikati ili zitungwe kwenye kamba, na zilitumika kwa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1866 Heungseon Daewongun, baba wa Mfalme Gojong, alihitaji fedha za kujenga upya kasri la Gyeongbokgung. Serikali ikatoa sarafu mpya iliyotangazwa kuwa na thamani ya sarafu 100 za kawaida. Shaba iliyokuwamo haikukaribia hata kidogo thamani hiyo. Bei za vyakula zikapanda, na mwaka uliofuata sarafu hiyo ikaachwa kutengenezwa.

Ukoloni na vita

Won ilianzishwa rasmi mwaka 1902. Japani ilipoitwaa Korea mwaka 1910, yen ya Korea ilichukua nafasi yake hadi 1945.

Benki kuu ya Korea Kusini ilianzishwa tarehe 12 Juni 1950. Siku 13 baadaye vita vikazuka. Noti zake za kwanza zilichapishwa Japani, na zikaanza kutolewa mwezi Julai mjini Daegu, kwa kuwa Seoul ilikuwa imetekwa.

Vita vilishusha thamani ya fedha. Mwaka 1953, won 100 zikawa hwan 1. Mwaka 1962 serikali ya kijeshi ya Park Chung-hee ikarudisha won, moja kwa hwan 10, na kuzuia amana benki ili kunasa fedha zilizofichwa na kuzipeleka viwandani. Mpango huo ulishindwa, na zuio likaondolewa.

Mwaka mmoja, njia mbili

Kaskazini ilitoa won yake mwaka 1947. Mwishoni mwa Novemba 2009, iliamuru won 100 za zamani zibadilishwe kwa won 1 mpya, na mwanzoni kila familia iliruhusiwa kubadilisha won 100,000 tu. Wafanyabiashara wa sokoni walipoteza akiba zao, na watu wakazidi kukimbilia dola na yuan ya China.

Miezi mitano kabla ya hapo, Kusini ilikuwa imetoa noti ya won 50,000 yenye picha ya mchoraji Shin Saimdang. Mwanawe, mwanazuoni Yi I, yuko kwenye noti ya 5,000. Noti hiyo mpya haikufuta ya zamani, wala hakuna aliyepoteza akiba yake kwa sababu hiyo.