Msukule ni wa Nani?

Nikiri mapema, ndugu msomaji: hadithi za kutisha hazinitishi. Mzimu ukitokea ukurasa wa tatu, mimi napiga mwayo. Na hawa maiti wanaotembea ndio kabisa: wanajikokota, wananuka, wanang'ata watu, basi. Hata hivyo zipo chache zilizoninyima usingizi. Dai langu ni moja: hadithi ya namna hii humshika asiyeamini pale inapomfanya aulize, huyu maiti anamtumikia nani?

Tuanzie Haiti, maana huko ndiko zombi alikotoka. Kabla ya mapinduzi ya 1791, koloni hilo la Ufaransa, likiitwa Saint-Domingue, lilikuwa na watumwa wapatao nusu milioni, wengi wakimalizikia katika mashamba ya miwa. Kwa mtumwa, kifo kilikuwa ndiyo pumziko lenyewe. Sasa mfikirie anayeambiwa kwamba hata pumziko hilo laweza kuibwa: unafukuliwa, unapewa jembe, unaendelea. Zombi wa Haiti hali watu, anafanya kazi. Waliomwogopa hawakuogopa kuliwa naye, waliogopa kugeuzwa yeye.

Kuanzia 1915 hadi 1934 Marekani iliikalia Haiti kijeshi, na wakulima wakashurutishwa kujenga barabara. Katika miaka hiyohiyo Mmarekani William Seabrook alichapisha The Magic Island (1929). Anasimulia kundi la maiti lililopelekwa kukata miwa ya kampuni ya sukari, ujira ukipokelewa na bwana aliyewaleta. Siku moja mkewe akawahurumia, akawapa vitafunio, kumbe vina chumvi! Wakajitambua kuwa wamekufa, wakashika njia ya kwao milimani. Ndugu zao wakawatambua, wakawaita. Wao wakapita tu, wakaenda makaburini.

Seabrook naye alikuwa mtu wa kutia chumvi, tusijidanganye. Lakini mimi nisiyeamini uchawi naamini siku ya mshahara, na naamini kwamba yupo anayepokea jasho la mwingine. Hapo ndipo aliponipata. Hata filamu ya White Zombie (1932), yenye mengi ya kuchekesha, ina tukio moja zito: katika kinu cha sukari mfanyakazi anatumbukia kwenye mashine, wenzake wanaendelea kusukuma. Hakuna anayegeuka.

Mtaniuliza: je, Night of the Living Dead ya George Romero (1968)? Maiti wale hawana bwana, na wanakula watu kwelikweli. Ni sawa, lakini swali limehama tu: nani mwenye mamlaka ya kuamua kuwa fulani si mtu tena? Ben, shujaa mweusi aliyeigizwa na Duane Jones, anaupita usiku mzima. Asubuhi wanakuja wawindaji wa maiti, wanampiga risasi bila kumuuliza neno, kisha anachomwa pamoja na maiti wengine. Waigaji wengi wa Romero walichukua meno, wakaisahau asubuhi ile. Ndiyo maana kazi zao zinanipa usingizi.

Kwetu tunaye msukule: eti hukatwa ulimi, hulishwa pumba, hulima usiku shamba la mtu. Alipofariki mjomba wangu ghafla, bibi hakukubali. Kwa miezi kadhaa mlango wa nyuma haukutiwa komeo. Mimi, kijana msomi, nikamwambia, "Bibi, mjomba hatarudi." Akanijibu, "Nani kasema nataka arudi? Nataka tu asiwe anamlimia mtu."

Nilicheka siku ile, na mpaka leo naona haya. Yale ambayo yule mtumwa wa Saint-Domingue aliyajua, bibi aliyasema kwa sentensi moja. Basi, waandishi wenzangu, mkitaka kunitisha, punguzeni damu. Nionyesheni maiti anayelima, kisha nionyesheni ghala analolijaza.