Godfrey Wilson

Godfrey Wilson (1908–1944) alikuwa mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza utafiti wake wilayani Rungwe, Tanganyika (Tanzania Bara ya leo), na ambaye swali lililomtawala hadi mwisho ni la mtaji wa kigeni: ukishaingia Afrika, maisha ya watu unayapeleka wapi? Baba yake, John Dover Wilson, alikuwa bingwa wa tamthilia za Shakespeare. Godfrey alisoma Oxford, kisha akawa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski mjini London.

Alifika kwa Wanyakyusa, wakazi wa Rungwe, mwaka 1934. Mwaka uliofuata alimwoa Monica Hunter, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Afrika Kusini, wakafanya kazi pamoja hadi 1938 wakisaidiwa na karani wao, Leonard Mwaisumo. Wengi huwakumbuka Godfrey na Monica kwa habari za vijiji vya marika vya Wanyakyusa, ambako wavulana wa miaka kumi hivi waliwaacha wazazi, wakajenga vibanda vyao na kuzeeka pamoja. Kwa swali la mtaji, muhimu zaidi ni ng'ombe wa mahari. Zamani kijana alimngojea baba ampe ng'ombe, kwa hiyo alichelewa kuoa. Miaka ile ya 1930 vijana walikwenda kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, wakarudi na shilingi za kununulia ng'ombe wao wenyewe. Mzee aliyeshika zizi hakushika tena kila kitu. Mtaji uliowekwa kwenye machimbo ulikuwa umefika hadi kwenye posa, chini ya migomba ya Rungwe.

Mwaka 1938 Wilson aliteuliwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Huko alikwenda Broken Hill, sasa Kabwe, mji wa migodi ya risasi na zinki. Matunda yake ni *An Essay on the Economics of Detribalization in Northern Rhodesia*, iliyotoka kwa sehemu mbili, 1941 na 1942. Alidai kwamba mtaji ulilimbikizwa katika nchi tajiri kwa kasi zaidi kuliko hali ya maisha ya watu ilivyopanda, ukamiminika nje kutafuta malighafi, na kuleta mwendo wa kombo hadi Afrika: mgodi ulimchukua mwanamume kwa ujira mdogo, ukaacha kijiji kiwalishe wake, watoto na wazee. Alihesabu hata matumizi ya wafanyakazi, akakuta nguo ndizo zilizomeza sehemu kubwa ya fedha. Nguo ilikuwa heshima, akiba na zawadi ya kumpelekea ndugu aliyebaki nyumbani. Nadhani hapa ndipo anapong'ara, kwa sababu aliona uchumi wa dunia ndani ya sanduku la nguo.

Wenye mgodi walimkataza kuendelea kuingia kwenye makazi ya wafanyakazi. Serikali nayo ilimtilia shaka, kwa kuwa alipinga vita kwa imani yake. Alijiuzulu 1941, nafasi yake akaichukua mwanaanthropolojia Max Gluckman. Alijiunga na kikosi cha matibabu cha jeshi la Afrika Kusini, na mwaka 1944 alijitoa uhai.

*The Analysis of Social Change*, aliyoiandika na Monica, ilitoka 1945. Monica aliendelea kuandika juu ya Wanyakyusa: *Good Company* ya 1951, na mwaka 1977 *For Men and Elders*, ambamo madaftari ya mumewe ya Rungwe bado yanatumika.