Mbinuko: istilahi ya mtumbwi na maana yake kwa mpiga kafi mwepesi

Mbinuko ni kiasi ambacho sehemu ya chini ya mtumbwi hupanda kutoka katikati kuelekea omo na tezi. Kuupima ni rahisi: laza mtumbwi kwenye sakafu iliyo sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya sakafu na kila ncha. Mtumbwi wa safari za ziwani kwa kawaida hautoi hata sentimita 5. Mtumbwi wa mtu mmoja ulioundwa kwa ajili ya maji ya kasi mara nyingi hutoa sentimita 10 au zaidi.

Wanaosema Kiingereza huita umbo hili roka, kwa kulifananisha na miguu iliyopinda ya kiti cha kubembea. Kwa Kiswahili tungeweza kulichukua neno hilo lilivyo, lakini halimwambii msomaji wetu chochote. Tungeweza kusema mpindo, ila mpindo hauonyeshi upande, na mbavu za mtumbwi nazo zina mpindo wake. Mpindo wa mkuku ungefaa jahazi na dau, vyombo vyenye mkuku halisi. Mtumbwi wa kuchongwa hauna mkuku. Mbinuko unataja kinachoonekana: ncha zimebinuka, zimepanda juu ya usawa wa katikati. Kweli, kubinuka husemwa pia kwa chombo kilichogeuka chini juu. Kwa hiyo katika maandishi ya ufundi tuseme mbinuko wa ncha, na chombo kilichogeuka tuseme kimepinduka.

Kazi ya umbo hili inaeleweka vizuri tukianza na vyombo tunavyovijua. Mashariki ya mji wa Likasi, huku Kongo, mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambalo kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, na maji yakatandaa yakawa ziwa Tshangalele. Wavuvi wa huko husafiri kwa bwato, jina ambalo Wabemba na Waluba pia wanalo katika lugha zao. Gogo la mti limenyooka, kwa hiyo bwato la gogo nalo huwa limenyooka chini. Umbo hilo linawafaa, maana mvuvi anataka chombo kinachoshika njia, asilazimike kukirekebisha kila anapopiga kafi.

Maji ya kasi hudai jambo jingine. Kati ya mawe, mpiga kafi huhitaji kugeuza chombo ghafla, kuingia katika maji tulivu nyuma ya jiwe, kisha kurudi mkondoni. Ncha zilizobinuka hazishikwi sana na maji, basi mtumbwi huzunguka upesi kwenye kitovu chake. Omo lililopanda pia hulipanda wimbi badala ya kulichoma, na maji machache huingia ndani. Wagenia wa Kisangani huvuka maji makali ya Boyoma kwa mitumbwi mirefu, lakini wao huwa na kundi la wapiga kafi wanaovuta kwa pamoja. Mtu aliye peke yake hana nguvu hizo, kwa hiyo umbo la chombo chake ndilo linalopaswa kumsaidia.

Hapa ndipo uzito wa mwili unapoingia, na ndipo wanunuzi wengi wanapoweza kupotea. Mbinuko uliopimwa sakafuni haubadiliki, ila mbinuko unaofanya kazi majini hutegemea chombo kimezama kiasi gani. Tuchukue mtumbwi wa kilo 25 wenye urefu wa mita 3.5. Mtu wa kilo 90 akipanda, jumla ni kilo 115, na kwa kanuni ya Arkimede chombo kitasukuma lita 115 za maji ya mto. Mtu wa kilo 55 akipanda, chombo hichohicho kitasukuma lita 80 tu. Ikiwa eneo linalokaa majini ni takriban mita mraba 1.2, tofauti hiyo ya lita 35 humfanya mwepesi aelee juu zaidi kwa karibu sentimita 3.

Sentimita 3 si jambo dogo. Mtumbwi wenye mbinuko wa sentimita 10 ukizama sentimita 11 katikati, maji hugusa karibu urefu wake wote. Ukizama sentimita 8, ncha zote mbili hubaki hewani. Kwa mtu mwepesi, basi, chombo hicho kimekuwa kifupi zaidi majini na chepesi zaidi kuzunguka. Papo hapo sehemu kubwa ya ubavu wake imesimama nje, na upepo wa mahali peupe kama Tshangalele unapata pa kusukuma. Akipiga kafi, omo linayumba huku na huku. Wala si uzembe wa mikono yake: anatumia chombo kilichopimwa kwa mwili mwingine.

Ushauri wangu kwa mpiga kafi mwepesi ni huu: asitafute mbinuko mkubwa kwanza. Atafute ujazo unaolingana naye, yaani chombo kifupi zaidi, chembamba zaidi, chenye mbavu fupi, ambacho uzito wake unatosha kukizamisha hadi pale fundi alipokusudia. Mbinuko wa wastani katika chombo cha namna hiyo utamgeuza vizuri kuliko mbinuko mkubwa katika chombo kinachoelea kama boya. Mafundi wa mitumbwi ya mashindano wanalijua hili. Kanuni za slalomu, mashindano ya maji ya kasi, zinataka mtumbwi wa mtu mmoja usipungue urefu wa mita 3.5 na upana wa sentimita 60, kwa wanaume na wanawake sawasawa. Kwa kuwa urefu hauwezi kupunguzwa, muundo mmoja hutolewa kwa ujazo tofauti kulingana na uzito. Mashindano hayo ya mtumbwi kwa wanawake yaliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021, na Jessica Fox wa Australia akashinda.

Upana nao upimwe kwa mwili. Katika mtumbwi wa maji ya kasi mtu hupiga magoti, na huinamisha chombo kwa magoti na nyonga. Mtumbwi mpana humshinda mwepesi kuuinamisha, na humlazimisha kunyoosha mkono mbali mno ili kafi lisimame wima majini. Apige magoti ndani kabla ya kulipa. Magoti yafike pande zote mbili bila kuumia, na mkono wa juu uvuke ukingo bila bega kulazimishwa. Ahakikishe pia kuna nafasi ya mifuko ya hewa mbele na nyuma, maana mtumbwi uliojaa maji hubeba mamia ya kilo.

Neno mwepesi nimelichagua kwa makusudi. Tukisema mtumbwi wa mtu mdogo, msomaji atadhani ni wa mtoto. Tukisema wa mwanamke, tutamwacha mwanamume wa kilo 55 na kumdanganya mwanamke wa kilo 85. Kinachokizamisha chombo ni uzito, basi istilahi itaje uzito.

Kwa mtu wa Likasi, mahali pa karibu pa kujifunza mchezo huu kwa walimu wenye uzoefu ni Livingstone, Zambia, kwenye mto Zambezi. Jinja, kwenye Nile ya Uganda, ni mbali zaidi. Popote atakapokwenda kukodi au kununua, aulize mambo matatu kwa pamoja: ujazo wa mtumbwi, mbinuko wa ncha zake, na uzito wa mpiga kafi ambaye fundi alimkusudia. Muuzaji anayetaja mbinuko bila kutaja uzito hajamaliza kukieleza chombo chake, na mnunuzi ana haki ya kumsubirisha hadi amalize.