Unjuka na Upweke Bwenini



Kila tukutanapo, hadithi za unjuka hazikosi kutuchekesha: kumchotea kiranja maji, kufua nguo za wakubwa, kuimbishwa juu ya kitanda usiku wa manane. Wengi husema, "Ilitukomaza." Napenda dai hilo tulipime kwa historia.

Baada ya Uhuru wa 1961, serikali kwa makusudi iliwapeleka vijana wengi katika sekondari za mbali na kwao, ili ukabila usiote mizizi. Ndiyo maana hata katika miaka ya 1990 bweni letu hapa Sumbawanga lilikuwa na watoto wa Kigoma walioshuka kutoka MV Liemba pale Kasanga, na wa Mtwara waliodandia malori Tunduma. Sera hiyo ilijenga taifa. Lakini ilimweka mtoto wa miaka 14 katika baridi ya Juni ya Uwanda wa Ufipa, mbali na mama, bila mjomba wa kumkimbilia. Mtoto huyo akionewa, mateso hayaishi kengele ya mwisho inapolia, kwa maana mwonevu wake hulala kitanda cha pili.

Huko Norway, vifo vya wavulana watatu mwishoni mwa 1982 vilihusishwa na uonevu wa wenzao. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni katika shule za nchi nzima. Profesa Dan Olweus alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa shule 42 mjini Bergen, na uonevu ukapungua kwa karibu nusu. Dawa haikuwa viboko. Walimu walisimamia mapumziko, kila darasa likajiwekea kanuni, na mwonevu akaitwa kuzungumza pamoja na wazazi wake. Olweus aligundua pia kuwa wavulana walioonewa shuleni, hata walipofika miaka 23, walikuwa na sonona zaidi ya wenzao na walijidharau zaidi.

Basi, wanaosema "ilitukomaza" ni wale waliovuka salama. Walioacha shule kimya kimya hawaji kwenye mikutano yetu kutoa ushahidi wao.

Wala ukatili huo si urithi wa hapa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alistaajabia amani ya vijiji vya Wafipa na jinsi walivyothamini mazungumzo. Hata jina Sumbawanga huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi": mwenye dhara ndiye anayeambiwa auache mlangoni, si mgeni anayeadhibiwa kwa ugeni wake.

Napendekeza kila njuka apewe kaka mmoja wa kidato cha tatu, anayejulikana kwa mlezi wa bweni. Kaka huyo aangalie nani hali, nani halali usingizi, nani hukaa peke yake kila Jumapili, na amwambie mlezi mapema. Nasi wahitimu, tukisimulia unjuka mbele ya vijana hawa, tuseme pia nani alilia.